Bwana Dengu wa Ghorofa ya Sita

Kwa miezi minne tulimlisha mtu ambaye hakuwepo.

Sitanii. Kila siku ya kazi, saa sita na nusu mchana, boksi lake lilitoka mlangoni kwetu likiwa na lebo ya ghorofa ya sita ya lile jengo refu la vioo. Na kila siku lililiwa. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyerudisha.

Halafu siku moja boksi likarudi.

Mimi kazi yangu ni kufunga chakula. Sipiki. Shule niliishia darasa la saba, nikazunguka huku na kule, mwisho nikaangukia kwenye jiko hili la chakula cha mchana cha maofisini. Wengine wanaona kufunga si kazi. Ni kazi. Mchuzi ukimwagikia shati jeupe la meneja, hatafutwi mpishi, natafutwa mimi.

Jiko letu ni chumba kimoja kirefu. Mkono wa kushoto tunauita India: kuna mchuzi wa kuku wa siagi, dengu, wali wa manjano na mikate ya naan. Mkono wa kulia tunauita Ng'ambo: kuna mikate ya pita, nyama ya kuchoma iliyokatwa nyembamba, falafeli za dengu zilizokaangwa, saladi ya tango na mtindi, na hamusi, yaani dengu zilizosagwa na ufuta mpaka zikawa laini kama losheni.

Katikati ya India na Ng'ambo nasimama mimi na maboksi mia na arobaini, kwa saa mbili tu, kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu.

Mpishi mkuu tunamwita Kamanda kwa sababu hajawahi kuomba kitu, yeye anaamrisha tu, hata chumvi anaiamrisha. Dereva wa pikipiki tunamwita Upepo. Bosi ni bosi. Mwanamke wa makamo, mpole asubuhi, moto mchana, mpole tena jioni.

Ukifunga chakula cha watu kila siku unawajua bila kuwaona. Kuna mmoja Jumatatu anaagiza majani matupu, ikifika Ijumaa anataka naan tatu na mchuzi wa ziada. Kuna wawili wa ofisi moja walikuwa wanaagiza pamoja, siku hizi kila mtu na boksi lake. Sikuambiwa kitu na mtu, lakini najua.

Na kulikuwa na huyu. Dengu, wali nusu, pita moja, saladi ya mtindi, pilipili hapana. Kila siku hivyohivyo. Lebo ilikuwa na jina lake na cheo chake, Ofisa Ugavi, Ghorofa ya Sita. Sisi jikoni tukambatiza Bwana Dengu.

Aliyekuwa anaagiza si yeye. Ilikuwa namba ya mwanamke. Mara ya kwanza kabisa alipiga simu badala ya kuagiza kwenye mtandao, mimi nikapokea. Akaniambia ni chakula cha mume wake, ana vidonda vya tumbo, pilipili itamuua. Akauliza kama dengu zetu zinaiva kweli au tunaziunga unga. Nikamwambia zinaiva, mama. Akasema haya, mwanangu, nakuamini.

Neno dogo tu. Lakini mtu akishakuambia anakuamini, unaanza kukoroga dengu zake hata kama si kazi yako.

Sasa sikiliza ilivyoharibika.

Pale mwanzo wateja walikuwa wanashuka wenyewe. Upepo anaegesha mbele ya jengo, anapiga honi mbili, watu wanatoka na vitambulisho vyao shingoni, kila mmoja anachukua chake. Bwana Dengu pia alikuwa anatokea pale. Tai, shati lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. Upepo anamkabidhi, yeye anasema asante kijana, basi.

Kisha likafunguliwa jiko jingine mtaa wa pili, wao wakaanza kupeleka mpaka mezani. Bosi akaona tunaachwa. Akatangaza asubuhi moja kwamba kuanzia leo na sisi ni mpaka mezani: Upepo anapita mlango wa nyuma wa mizigo, anapanda lifti, anakabidhi kwenye mapokezi ya kila ghorofa, wanasaini.

Siku ileile ya kwanza, Upepo akarudi na boksi moja mkononi.

Akaliweka mbele yangu. Akasema dada wa mapokezi ghorofa ya sita kamcheka. Kamwambia huyo mtu alipunguzwa kazini, huu mwezi wa nne sasa, meza yake kapewa mwingine.

Jiko zima likacheka. Kamanda akasema kumbe tunapikia mizimu, ndiyo maana hawalalamikii chumvi.

Mimi sikucheka. Nililiangalia lile boksi. Lilikuwa bado la moto.

Kwetu boksi likirudi kuna utaratibu. Aliyelipia anapigiwa simu siku hiyohiyo, anaambiwa limerudi na kwa sababu gani. Bosi ni mkali sana kwa hilo, anasema mteja asije akagundua mwenyewe. Na simu hizo ni zangu, eti nina sauti ya pole.

Kwa hiyo nilitakiwa nimpigie yule mama nimwambie: chakula cha mume wako kimerudi, mume wako hana kazi miezi minne.

Nikasema nitapiga nikimaliza kufunga. Nikamaliza kufunga. Nikasema nitapiga nikimaliza kufuta meza. Nikafuta meza hadi Kamanda akaniuliza kama natafuta dhahabu.

Saa nane na robo mlango wa nyuma ukagongwa.

Alikuwa yeye. Nilimjua kwa tai, kama Upepo alivyokuwa anamwelezea. Mtu wa miaka kama hamsini, mrefu, jasho limemtoka, lakini kasimama wima kama yuko kwenye mkutano. Anwani yetu ipo kwenye maboksi, akaifuata. Alikuwa amesubiri pale mbele ya jengo tangu saa sita na nusu, hakusikia honi.

Akaniuliza kama kuna boksi lake. Nikampa. Hakuuliza kwa nini halikufika. Akaniangalia usoni, akaona kwamba najua.

Akasogea pembeni kwenye mapipa ya taka, na mimi nikamfuata. Akaongea akiangalia ukuta. Walipunguzwa kumi na saba siku moja. Tangu siku hiyo anaamka saa ileile, anavaa, anatoka. Asubuhi anazunguka na barua zake za kuomba kazi, mchana anakuja kupokea chakula, baadaye anakaa kwenye benchi la saruji nyuma ya lile jengo, karibu na matangi ya maji, mpaka saa ya watu kutoka ofisini.

"Nakuomba kitu kimoja, mwanangu," akasema. "Mke wangu asiambiwe."

Nikamwambia haambiwi.

Mtu mzima kama baba yangu, ananiomba mimi mwenye aproni ya mchuzi. Ningejibu nini kingine?

Nikarudi ndani. Bosi alikuwa amesimama na simu ya ofisi mkononi. Akauliza kama yule mteja kashapigiwa. Nikajiumauma. Akabonyeza namba mwenyewe, akanipa, akabaki pale pale amekunja mikono.

Simu ikaita. Nilikuwa naomba isipokelewe.

Ikapokelewa. Nilisikia cherehani inazunguka, kisha ikasimama. Nikajitambulisha, nikaanza kuzungukazunguka, sijui lifti, sijui utaratibu mpya, sijui mapokezi. Bosi ananikazia macho. Mwisho nikasema tu kwamba mama, boksi la baba limerudi, pale juu wamesema hawamfahamu.

Kisha yule mama akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Amekula lakini?"

Nikasema ndiyo, kalifuata mwenyewe.

Akashusha pumzi. Akaniambia nitoke nje kama kuna watu. Bosi alikuwa ameshasikia alichotaka, kaondoka zake. Nikatoka hadi kwenye mapipa, mahali palepale alipokuwa amesimama mume wake dakika kumi nyuma.

Yule mama alikuwa anajua.

Wiki ya pili tu tangu mume apunguzwe, alimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Akafika ghorofa ya sita, wakamwambia. Akarudi na miwani kwenye mkoba, akaiweka mezani pale ilipokuwa, akaendelea kushona. Wakati huo alikuwa keshaanza kumwagizia chakula. Akaona aendelee. Akasema mwanaume aliyezoea kuletewa chakula ofisini, kikikatika na hicho, atabaki na nini.

"Sasa nisikilize vizuri," akasema. "Akijua kwamba najua, hatarudi nyumbani. Nimekaa naye miaka ishirini na mbili, namjua. Duka lake lilipokufa, aliondoka mwezi mzima, tukamtafuta mpaka vyumba vya maiti. Usimwambie."

Nikamwambia simwambii.

Nikabaki nimeshika simu iliyokatika.

Nina siri ya mume, asiijue mke. Nina siri ya mke, asiijue mume. Na siri zenyewe ni moja, zinaingiliana kama boksi na kifuniko chake. Ningesema neno moja kwa yeyote, huenda wangepumua wote wawili. Au ningemuua mtu. Sikujua ni lipi. Na nilikuwa nimeshaahidi kote.

Basi nikafanya kile nilichoweza. Nikamvuta Upepo pembeni, nikamwambia boksi la Bwana Dengu lisipande tena, alipeleke kwenye benchi la nyuma. Upepo ana mdomo mrefu lakini ana roho nzuri. Akasema poa, shemeji, japo sijawahi kuwa shemeji yake.

Ikaenda hivyo wiki tatu.

Siku mojamoja Bwana Dengu alikuwa anapita mlango wa nyuma kurudisha shukrani. Ananiuliza kwa chini kama mke wake alipiga. Namwambia hapana, baba. Na jioni mke ananipigia, ananiuliza kama leo alionekana mzima. Namwambia mzima, mama, kavaa shati la michirizi. Anasema ndiyo, nimelipiga pasi mwenyewe.

Nilikuwa nalala nikiwa nimechoka kwa kazi ambayo haiko kwenye mkataba wangu. Kuna siku nilifungua mdomo kabisa mbele ya yule baba. Akaniangalia. Nikamuuliza kama dengu zina chumvi.

Halafu Upepo akaumwa.

Akaletwa dereva mgeni, mtu makini, anafuata utaratibu kama sala. Na utaratibu unasema hivi: ukipeleka chakula mahali tofauti na anwani, umpigie aliyelipia athibitishe. Nikamwona tayari kwenye akili yangu, kasimama mbele ya benchi, simu kwenye spika, sauti ya mke inatoka na mume kakaa pale pale anasikiliza.

Nikawaza nimwambie kwa mdomo. Lakini yeye alikuwa anaingia na kutoka kama nyuki, na mimi nina foleni ya maboksi. Nikaamua niandike kwenye oda.

Hapa lazima nieleze kidogo. Oda zetu ziko kwenye tableti, na bosi alikuwa amenifundisha kuitumia mwezi huo huo. Kila oda ina sehemu mbili za kuandika maelezo. Ya juu inatoka kwenye karatasi ya jikoni, inayotundikwa kwenye msumari: dereva anaisoma, kisha inatupwa. Ya chini inachapwa kwenye lebo ya kifuniko, ni ya salamu, mtu akitaka kumwandikia mwenzake hongera au pole.

Ilikuwa saa sita kasoro. Kamanda anaita namba, naan zinaungua, vidole vyangu vina mafuta. Nikaandika haraka:

"Usipandishe juu, hafanyi kazi tena pale. Mpe kwenye benchi la nyuma. Mke wake anajua, usimpigie simu."

Nikabonyeza. Nikarudi kwenye maboksi.

Lebo zikaanza kutoka kwenye mashine. Nikazibandika. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mimi ambaye husoma kila kitu, siku hiyo nilikuwa nasoma namba tu. Themanini na sita, bandika. Themanini na saba, bandika. Themanini na nane, bandika, nikapitisha kiganja juu yake ishike vizuri.

Dereva akabeba, akaondoka.

Dakika kumi baadaye nikainua macho nikaona karatasi ya themanini na nane pale kwenye msumari. Dengu, wali nusu, pita moja. Chini yake patupu.

Nikaisogelea. Patupu kweli.

Sasa kama hapa hapana kitu, maneno yangu yako wapi?

Wallahi, yako kwenye kifuniko, yanaenda kwa yule baba.

Nikampigia dereva. Haikupokelewa, yuko barabarani, makini yule, hagusi simu akiendesha. Nikapiga tena. Nikaenda kwa bosi nikamwomba nitoke dakika ishirini tu. Akaniuliza kuna nini, nikashindwa hata kumweleza, ningeanzia wapi? Akanionyesha foleni. Maboksi thelathini na tisa. Akasema mwanangu, hapa ukitoka wewe tumefunga jiko, kamalizie.

Nikamalizia. Kila kifuniko nilichokandamiza nilikuwa nawaza kile kimoja. Kwa hesabu yangu sasa anafika kwenye jengo. Sasa anaisoma lebo, anazunguka nyuma. Sasa anamkabidhi.

Ningeruka dirishani? Ningeliita boksi lirudi? Nilikuwa nafunga hamusi, machozi yananitoka, Kamanda anadhani ni vitunguu.

Dereva alirudi saa saba na dakika ishirini. Nikamuuliza. Akasema amempa bila shida, ila yule mzee aliisoma lebo, akaisoma tena, akauliza nani kaiandika.

"Nikamwambia ni dada anayefunga," akasema. "Kwani nimekosea?"

Hakukosea kitu.

Nilitoka na aproni yangu, sikuaga. Nikakimbia mpaka nyuma ya lile jengo. Benchi lilikuwa tupu. Boksi lilikuwa limewekwa katikati ya benchi, limenyooshwa vizuri, halijafunguliwa.

Kifuniko hakikuwa na lebo. Alikuwa ameibandua taratibu, haikuchanika hata kona. Aliondoka nayo.

Nikakaa pale na boksi mapajani. Matangi ya maji yanadondosha matone. Watu wanapita, wananiona kama muuza chakula aliyekosa wateja.

Nikampigia yule mama. Nilimweleza yote, neno kwa neno, hata nukta sikuacha. Nilikuwa nasubiri matusi. Nilikuwa nayataka.

Akauliza kama lebo ameichukua. Nikasema ndiyo. Akauliza kama boksi kaliacha. Nikasema ndiyo.

"Haya, mwanangu," akasema, na cherehani ikaanza tena kuzunguka.

Siku hiyo hakurudi nyumbani.

Asubuhi yake nikafungua tableti, nikaona oda. Dengu, wali nusu, pita moja, pilipili hapana. Namba ya mke. Jina la mume. Ghorofa ya sita.

Nikaifunga. Upepo alikuwa amerudi kazini, akaipeleka kwenye benchi, akairudisha. Na utaratibu wetu unaujua: boksi likirudi, aliyelipia anapigiwa.

Nikapiga. Nikasema mama, limerudi. Akasema asante, mwanangu, kesho tena.

Siku ya tatu, limerudi. Asante, mwanangu, kesho tena. Siku ya nne, limerudi. Nikamwomba aache kuagiza, angalau apumzike. Akasema akiacha, siku mume akipita pale akakuta hakuna kitu, ataona kwamba hata mke wake kamwacha. Nikamwambia bosi anitoe kwenye simu. Akanitoa kwenye tableti badala yake, simu akaniachia.

Yule mama alizunguka kwa ndugu, hospitali, vituo vya polisi. Jioni alikuwa ananisimulia alikopita, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Na mimi namsikiliza, nasema pole. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yangu yote: pole.

Siku ya tisa, saa nane mchana, mlango wa nyuma ukagongwa.

Bila tai. Shati limekunjamana, ndevu zimetoka nyeupe. Nilimtambua kwa urefu.

Nikaanza kuomba msamaha, naongea mbiombio, naeleza sehemu ya juu na sehemu ya chini, dereva mgeni, spika, simu niliyompigia mama. Akainua kiganja. Akasema ameelewa zamani, hana kinyongo. Alikuwa amejihifadhi kwa fundi mmoja rafiki yake, analala karakana.

Nikamwambia rudi nyumbani, baba. Mama hajakasirika. Amejua muda wote na hakukasirika hata siku moja.

Akatabasamu vibaya.

"Unadhani nilikuwa sijui kwamba anajua?"

Akasema mwanamke aliyekuwa anamuuliza habari za kazi kila jioni kwa miaka ishirini, wiki moja akaacha. Hakuuliza tena bosi wako kasemaje, hakuuliza tena mshahara umetoka. Anapiga pasi shati, anamkabidhi, anamwambia kula mchana. Mjinga gani asingeelewa?

"Mbona uliniomba asiambiwe?" nikasema.

"Niliomba asiambiwe," akajibu. "Sikusema hajui."

Akaniambia walikuwa wamefika mahali pazuri. Yeye anajua, mke anajua, hakuna anayesema. Anatoka asubuhi kama mume, anarudi jioni kama mume. Siku akipata kazi angeingia tu, angesema leo nimechoka, na yote yangepita bila mtu kuyataja. Sasa limetajwa. Limeandikwa na kuchapwa. Mke ameshaambiwa kwamba mume amesoma.

"Nikiingia mlangoni leo," akasema, "lazima mmoja wetu aanze kuongea. Aanze na neno gani?"

Sikulijua hilo neno. Mpaka leo silijui.

Akauliza kama leo oda imekuja. Nikamwambia imekuja, kama jana, kama juzi. Boksi lilikuwa pale kwenye rafu, limerudi. Nikamletea.

Akaangalia kifuniko. Lebo ilikuwa na jina lake, cheo chake, ghorofa yake. Akapitisha kidole juu ya cheo. Kisha akalikumbatia boksi chini ya kwapa, kama faili.

"Kesho uandike vilevile ulivyokuwa unaandika zamani," akaniambia.

"Zamani sikuwa naandika kitu, baba."

"Ndiyo hicho."

Akaondoka.

Jioni nilimpigia yule mama. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni: yuko wapi, kwa nani, kasema nini, anajua tangu lini. Ilikuwa zawadi, niliibeba mchana kutwa. Akapokea, cherehani ikasimama.

Nikasema mama, leo halikurudi.

Nikaishia hapo. Nilijiuma ulimi kweli, nikasikia damu.

Kisha akasema asante, mwanangu, na safari hii alikuwa analia.

Leo ni mwezi wa pili tangu siku ile. Mke anaagiza kila siku. Boksi linaenda kwenye benchi, halirudi tena. Upepo anasema kuna siku shati limepigwa pasi na kuna siku halijapigwa. Kama analala nyumbani au bado analala karakana, sijui. Mke hanipigii tena, na boksi lisiporudi mimi sina sababu ya kumpigia. Ningeweza kuuliza. Kuuliza ni dakika moja.

Siulizi.

Nawaandikia nyinyi mnaopenda kusaidia, kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Ukikuta watu wawili wamebeba kitu kizito kwa pamoja, kimyakimya, usikimbilie kukitaja jina ili kiwe chepesi. Pengine ule ukimya ndio mpini walioshikia. Mimi niliukata kwa mstari mmoja wa maneno, nikiwa na nia safi, nikaubandika kwa mkono wangu na kuukandamiza ushike vizuri.

Nia safi haikumrudisha mtu nyumbani.